Chozi na Mbochi: Historia ya Mlo wa Ndege Mdogo

Watu wengi wasikiapo neno historia hukumbuka wafalme, vita, mikataba na tarehe. Mambo hayo ni historia kweli, wala hapana anayekana. Lakini kila kiumbe kilicho hai kina historia yake, na aghalabu sehemu kubwa ya historia hiyo ni habari ya chakula: kilikula nini, kilikipata wapi, na kilifanya nini chakula kilipopungua. Mwanafunzi atakayefuata habari ya mlo wa ndege mmoja mdogo atajikuta amepita katika nchi nyingi na karne nyingi, na mwishowe atarudi mlangoni pake akiwa amejua jambo ambalo hakulijua juu ya mtaa wake mwenyewe. Ndivyo yalivyonipata mimi, na ndiyo sababu ya insha hii.

Nafundisha shule ya sekondari upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, nami nakaa katika mtaa wa Pipeline, eneo la Embakasi. Jina la mtaa latokana na bomba la mafuta litokalo Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450 hivi, lililoanza kazi katika mwaka 1978. Mpita njia haoni bomba. Aonacho ni majumba ya ghorofa sita, saba, nane na zaidi, yaliyosongamana hata mtu wa roshani hii aweza kumpa chumvi jirani wa roshani ile ng'ambo ya kichochoro. Udongo wake ni mweusi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Miti ni michache, na maua ni machache zaidi. Hapana mtu angelitazamia kusoma elimu ya ndege mahali kama hapo.

Siku moja msichana wa kidato cha pili alinijia baada ya kipindi, akasema kuwa kwao, ghorofa ya nne, mama yake amepanda mshubiri katika debe la mafuta ya kupikia, na kwamba tangu mshubiri ule uchanue, ndege mdogo mwenye kung'aa huja kila asubuhi na kutia mdomo wake mrefu ndani ya ua moja baada ya jingine. Aliniuliza, "Mwalimu, ni ndege gani?" Nami, kwa haraka ya mtu aliyesoma kitabu kimoja tu, nikamjibu mbele ya wenzake kuwa huyo ni ndege-mvumaji. Nikawaonyesha picha yake kitabuni, na jina nikaliandika ubaoni. Wanafunzi wakaliandika katika madaftari yao, kwa kuwa mwalimu amesema.

Jumamosi iliyofuata nilialikwa kwao kumtazama ndege mwenyewe. Nikamkuta nyanya yake msichana, mama mtu mzima aliyekuja kutoka Malindi kuwatembelea wanawe, amekaa mkekani karibu na mlango wa roshani.

"Shikamoo, nyanya," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwalimu uliyemwambia mjukuu wangu kwamba huyu ni ndege wa Ulaya?"

"Si wa Ulaya, nyanya, ni wa Marekani."

"Basi huyu hakupanda meli. Huyu ni chozi. Kwetu huja asubuhi kwenye ua la mgomba, akanywa mbochi, akaenda zake. Hebu mtazame miguu. Ametua. Na huyo wako wa kitabuni, naye ametua?"

Nikamkumbuka yule wa kitabuni. Hakuwa ametua. Alichorwa ananing'inia hewani mbele ya ua, mabawa yake kama ukungu. Yule wa Pipeline alikuwa ameshika shina la ua kwa kucha zake, kichwa na mgongo vyang'aa rangi ya buluu na kijani kama chuma kilichosuguliwa, kifua cha zambarau, na tumbo la manjano. Alipomaliza ua moja alirukia jingine, akatua tena. Nyanya hakusoma kitabu chochote juu ya ndege, lakini alikuwa ametazama, na mimi sikutazama. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa, nikakiri kuwa nilikosea, nikafuta jina la kwanza, nikaandika la pili. Darasa likacheka sana, kwa kuwa wengi walilijua neno chozi kuwa ni tone la maji ya machoni tu. Kisha mmoja akauliza swali la haki: "Kama si ndugu, kwa nini wanafanana?" Swali hilo sikulijibu siku ile. Jibu lake ndilo historia nitakayoieleza.

Ndege-mvumaji leo aishi katika mabara mawili ya Amerika na visiwa vilivyo jirani nayo tu. Aina zake ni zaidi ya 300. Aliye mdogo kuliko wote, wa kisiwa cha Kuba, hafiki gramu mbili kwa uzito. Chakula chake kikubwa ni mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, lakini sukari peke yake haijengi mwili. Kwa hiyo hula pia wadudu wadogo na buibui. Apatapo mbochi hana haja ya kutua. Huelea hewani palepale, akipiga mabawa mara nyingi sana kwa nukta moja, akarudi hata kinyumenyume. Kazi hiyo ni ya gharama kubwa. Moyo wake waweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika moja, na kwa siku moja aweza kunywa mbochi wenye uzito sawa na mwili wake au kuupita. Usiku, ambapo hawezi kula, aina nyingi hupunguza joto la mwili na mapigo ya moyo, zikawa kama zilizozirai, mpaka alfajiri. Ni mfano wa mtu ambaye kila jioni huzima taa zote za nyumba kwa kuwa mafuta yaliyosalia ni ya kuwashia jiko asubuhi tu.

Wenyeji wa Amerika walimjua ndege huyo tangu zamani. Waazteki wa Meksiko walimhusisha na mungu wao mkuu wa vita. Wazungu walipofika huko walistaajabu, wakaanza kupeleka ngozi zake Ulaya. Katika mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga majina ya viumbe, aliwatia wavumaji katika orodha yake. Katika mwaka 1851 Mwingereza John Gould alifanya maonyesho makubwa ya wavumaji waliokaushwa katika mji wa London, na watu wengi sana wakaenda kuyatazama. Lakini Gould mwenyewe, mjuzi mkubwa kuliko wote wa zama zake katika habari za ndege hao, hakuwa amemwona mvumaji aliye hai. Alimwona kwa mara ya kwanza alipokwenda Marekani katika mwaka 1857. Nilipoisoma habari hiyo nilifarijika kidogo. Nilijua kuwa si mimi peke yangu niliyemsimulia ndege kabla ya kumtazama.

Kosa la kutotazama lina historia ndefu kuliko hiyo. Katika mwaka 1833 mwandishi mmoja, W. C. L. Martin, alisema kuwa ulimi wa mvumaji hupandisha mbochi kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Maneno hayo yalikuwa na sura ya kweli, na kwa muda wa miaka karibu 180 yalirudiwa vitabuni. Mnamo mwaka 2011 wachunguzi wawili, Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega, walipiga picha za mwendo wa ulimi huo kwa kamera za kasi, wakaona jambo jingine. Ncha ya ulimi imegawanyika mara mbili, na kingo zake zina vishada. Ulimi uingiapo katika mbochi, vishada hufunguka; utokapo, hujifunga na kunasa maji ndani yake. Ulimi si utambi, ni mtego. Elimu ya muda wa karibu karne mbili ilisahihishwa na watu waliokubali kutazama tena.

Sasa tumrudie chozi wetu. Chozi ni wa jamaa nyingine kabisa. Aina zake ni zaidi ya 140, nazo zaenea Afrika, Asia ya kusini, hata kaskazini ya Australia. Katika nasaba ya ndege, chozi yu karibu na shomoro na kuchakulu? La, yu karibu na shomoro, maana ni katika kundi kubwa la ndege waimbao. Mvumaji yu karibu na mbayuwayu wale wasiotua chini, waitwao teleka. Linnaeus mwenyewe hakumchanganya chozi na mvumaji, bali alimweka pamoja na ndege watambaao juu ya magome ya miti, kwa sababu ya mdomo wake uliopinda. Ndipo mwaka 1811 Johann Illiger wa Ujerumani akatunga jina la kitaalamu la Nectarinia, lenye maana ya ndege wa mbochi. Jina la Kilatini likamfikia chozi kutokana na chakula chake, kama vile nyanya wa Malindi alivyomtambulisha kwa chakula chake.

Basi kwa nini wafanana? Kwa sababu kazi ni moja. Ua lenye mbochi ndani ya mfereji mrefu hutaka mdomo mrefu na ulimi mrefu. Na ndege mla mbochi, awe wa Brazili au wa Kenya, kizazi baada ya kizazi hupata umbo lifaalo kazi hiyo. Mafundi wawili wasiojuana, mmoja Lamu na mmoja Maskati, kila mmoja akitaka kutoboa ubao, wote wawili watatengeneza kekee. Hatutasema kuwa mmoja amemwiga mwenzake. Tutasema kuwa ubao umewafundisha.

Hata ladha ya utamu waliipata kila mmoja kwa njia yake. Ndege wa kale walipoteza kipokezi cha utamu ambacho wanyama wengine wanacho ulimini. Katika mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba kwa wavumaji, kipokezi cha ladha ya nyama kiligeuka polepole kikawa cha kutambua sukari. Mwaka 2021 ikaonekana kuwa jambo la namna hiyo lilitokea pia, kwa njia nyingine, kwa mababu wa ndege waimbao, na chozi ni mrithi wao. Jamaa mbili zilizotengana zilipotelewa na kitu kile kile, na kila moja ikakitafuta upya.

Jambo moja zaidi litawastaajabisha wasomaji. Katika mwaka 2004 Gerald Mayr alitangaza mifupa ya mvumaji wa kale iliyopatikana katika mwamba wa kusini ya Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 30 au zaidi. Kwa hiyo zamani wavumaji walikuwako katika Dunia ya Kale pia, kisha wakatoweka, wakabaki Amerika. Nyanya alisema chozi hakupanda meli. Alisema kweli. Lakini na mvumaji naye hakuanza safari yake mahali tunapomkuta leo.

Katika Afrika ya Mashariki habari za chozi ziliandikwa kidogo kidogo. Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alisafiri kutoka Pangani hadi ziwa la Naivasha, na mwaka uliofuata akamtangaza kwa wataalamu chozi mmoja wa nyanda za juu mwenye mabawa ya rangi ya dhahabu na mdomo uliopinda kama mundu. Mwaka 1909 ilianzishwa Nairobi jamii ya watu wapendao elimu ya viumbe, nayo ndiyo iliyoanzisha jumba la makumbusho. Mwaka 1956 V. G. L. van Someren alitoa kitabu cha maisha ya ndege wa Afrika ya Mashariki, matunda ya miaka mingi ya kukaa na kutazama. Hatuna budi kuwashukuru watu hao. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba kabla ya wote hao walikuwako wakulima na watoto waliomwona chozi katika ua la mgomba na kumpa jina. Majina yao hayakuandikwa, na elimu yao ilikuwa kweli.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote juu ya mlo wa chozi ilifanywa humu humu Kenya, katika Bonde la Ufa. Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza yule chozi wa mabawa ya dhahabu, na mwaka 1975 wakachapisha matokeo yao. Ndege huyo hupenda maua ya rangi ya machungwa yaliyopangika duara duara juu ya shina refu, ya mmea uotao kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe. Wachunguzi waliona kuwa chozi mmoja hushika kiwanja chake cha maua na kuwafukuza wenzake. Viwanja vilitofautiana sana kwa ukubwa, kimoja kidogo na kingine kikubwa mara nyingi, lakini idadi ya maua ndani yake haikutofautiana sana: yalikuwa karibu 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Kwa hiyo chozi hakupima ardhi. Alipima chakula.

Swali likawa hili: je, yamfaa chozi kulinda kiwanja, na kulinda ni kazi? Wakafanya hesabu, nayo naiweka hapa ili kila mwanafunzi aifanye mwenyewe. Chozi aliyetua hutumia kalori ndogo 400 kwa saa. Anayekula hutumia 1,000. Anayewafukuza wenzake hutumia 3,000. Kama kila ua lina sehemu mbili katika milioni za lita ya mbochi, itambidi ale kwa saa 4 ili apate chakula cha siku. Kama lina sehemu tatu, saa 2.7 zatosha. Ua lililolindwa lina mbochi mwingi zaidi, kwa kuwa hapana mwingine aliyekunywa. Basi kwa kulinda maua yake, na mbochi ukazidi kutoka sehemu mbili kufika tatu, chozi huokoa saa 1.3 za kula, akazitumia katika kupumzika. Kila saa iliyookolewa ni kalori 1,000 kutoa 400, yaani 600, mara 1.3, ni 780. Hiyo ndiyo faida. Gharama yake ni saa 0.28 za kufukuza wenzake kila siku, dakika 17 hivi. Kila saa ya kufukuza yazidi saa ya kupumzika kwa kalori 2,600; mara 0.28, ni 728. Toa 728 katika 780: zasalia 52.

Kalori 52 ndogo ni kitu kidogo mno. Ni chini ya matumizi ya dakika nane za chozi aliyetua tu. Lakini ni faida, si hasara. Na hesabu ile ile yaeleza lingine waliloliona wachunguzi: maua yakiwa machache mno, au yakiwa mengi hata kila mtu ana ya kumtosha, chozi huacha kulinda. Hapigani kwa ukali wa moyo wala haachi kwa upole. Hupigana pale kupigana kunapolipa.

Nilipoandika hesabu hii ubaoni, darasa lilinyamaza kwa namna nisiyoizoea. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa vibarua. Baba hutoka kabla ya mapambazuko, akaenda kwa miguu hadi viwandani ili nauli isile ujira. Akipata kazi, nyumbani hupikwa. Akikosa, hupikwa kidogo. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ndege anaishi kwa siku, kama sisi." Sikuwa na neno la kuongeza. Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga. Lakini yuko ambaye kibaba chake humwagwa kila jioni, na alfajiri huanza tena kutafuta haba ya kwanza.

Hapa ndipo historia ya chozi ilipokutana na historia ya mtaa wetu. Reli ilifika Nairobi katika mwaka 1899, mahali palipokuwa kinywesheo cha mifugo ya Wamaasai, ambao jina lao la pale lilihusu maji baridi. Mji ulipokua chini ya utawala wa kikoloni, uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu, mvua nzuri, na viwanja vipana vya bustani. Waafrika walipewa upande wa mashariki, katika uwanda wa udongo mweusi, vyumba vidogo vya safu safu. Kiwanja cha ndege cha Embakasi kilichofunguliwa mwaka 1958 kilijengwa kwa kazi ya nguvu ya wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za mji, alipanda miti ya maua kando ya barabara kubwa, na Nairobi ikasifiwa kuwa mji wa maua. Ilikuwa kweli kwa barabara hizo. Baada ya uhuru, watu walipozidi kuja mjini kutafuta kazi, nyumba zilienea katika uwanda wa Embakasi, na mwishowe majumba marefu ya Pipeline yakajaza kila pembe.

Kwa hiyo, mtu akiuliza kwa nini chozi ni wengi katika mitaa ya magharibi na wachache katika Pipeline, asidhani kuwa ndege huchagua watu. Chozi hupima chakula. Palipopandwa maua alikwenda, na palipokosa nafasi ya maua alipita. Mgawanyo wa mbochi katika mji wa Nairobi umefuata mgawanyo wa ardhi, na mgawanyo wa ardhi ulifanywa na watu.

Lakini chozi ana fadhila moja: hana ugumu wa tabia. Hula mbochi wa mshubiri, wa mgomba, wa mbamba ngoma wenye maua mekundu, na pia wa mimea ya bustani iliyotoka nchi za mbali. Huko Afrika ya Kusini umeenea mti mmoja wa jamii ya tumbaku uliotoka Amerika ya Kusini, ambao kwao huhudumiwa na wavumaji. Sjirk Geerts na Anton Pauw walieleza katika mwaka 2009 kuwa chozi wa huko, kwa kuwa maua ya mti huo hayana mahali pa kutua, huelea hewani mbele yake kama mvumaji. Ndege ambaye nilimwita kwa jina lisilo lake aweza, ikimlazimu, kuifanya kazi ya mwenye jina.

Sasa nimalize habari ya debe. Wavulana wawili walitaka kuning'iniza chupa ya soda yenye maji ya sukari ili kumsaidia chozi. Wazo lilikuwa la huruma, lakini tulilijadili. Maji ya sukari huchacha upesi katika jua. Tena chozi halishi makinda wake sukari. Huwaletea wadudu na buibui, maana mwili hauwezi kukua bila chakula kijengacho mwili. Na zaidi ya yote, chupa haina chavua. Chozi anywapo mbochi wa ua, chavua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine, likazaa mbegu. Mbochi ni ujira wa kazi. Chupa ni sadaka. Darasa likakubali kuwa mmea ni bora kuliko chupa.

Siku chache baadaye mwenye nyumba akaagiza madebe yote yaondolewe roshanini. Wanafunzi walikasirika, wakataka tuandike barua kali. Tukaenda kwanza kuuliza sababu. Jirani wa ghorofa ya tatu akatuonyesha nguo za watoto wake, zilizochafuka kwa tope lililochuruzika kutoka juu kila mshubiri ulipomwagiwa maji, na hana mahali pengine pa kuanika. Alikuwa na haki. Hapo tena tuliona kuwa jambo lenyewe halikuwa kati ya watu wema na watu wabaya. Lilikuwa kati ya mahitaji mawili ya kweli katika nafasi moja iliyo ndogo mno.

Msichana akalibeba debe lake mpaka shuleni. Tukaitoa michipukizi ya mshubiri, tukaipanda kando ya ukuta wa mashariki, katika udongo mweusi tuliouchanganya na mchanga na samadi. Juma la kwanza hakuja ndege. Mwezi wa kwanza hakuja ndege. Darasa lile likapanda kidato cha tatu, na baadhi yao wakasahau. Kisha mishubiri ikachanua, na asubuhi moja, katikati ya kipindi cha historia, chozi dume akatua juu ya shina la ua nje ya dirisha, akatia mdomo, akatoka, akahamia la pili. Kama ni yule wa ghorofa ya nne siwezi kusema. Hapana aliyeniuliza ni ndege gani. Wote walinyamaza wakimtazama miguu.

Enyi wanafunzi, nimewaeleza habari hii si ili mkariri majina na miaka, ingawa hayo nayo yafaa. Nimeieleza ili mkumbuke mambo matatu. Kwanza, kitabu ni mwalimu mzuri, lakini macho yenu nayo mmepewa ili myatumie. Na mzee asiyesoma huenda akajua lile ambalo mwenye cheti hakulitazama. Pili, aliyekosea hapungukiwi kwa kukiri kosa. Elimu yote ya ulimi wa mvumaji imeendelea kwa njia hiyo. Tatu, mahali mnapokaa pana historia, hata kama hapana mnara wala sanamu. Itafuteni historia hiyo katika udongo, katika jina la mtaa, na katika ua lililoota ndani ya debe. Chozi aliitafuta huko riziki yake, akaipata.